Daudi Hajawahi Kutoka Maabara

Cuzo wangu anafanya kazi kwa maabara moja huko ng'ambo. Wanatafiti vile kinga ya mwili inaweza kufundishwa kupigana na saratani. Huwa ananitumia sauti WhatsApp usiku akitoka kazini, na mimi huzisikiliza asubuhi nikipiga mswaki. Siku moja akasema hivi: "Leo nimechoka, wacha tu. Daudi amekataa kukua wiki nzima. Nimemlisha, nimembadilishia chupa, bado."

Nikasimama na mswaki mdomoni. Nilifikiri ana mtoto ambaye hajatuambia.

Nikamuuliza, "Wewe, Daudi ni nani?"

Akacheka mpaka sauti ikakatika. "Daudi ni seli, bana. Seli za saratani. Ziko kwa kila maabara kama yetu. Lakini nasikia mwenyewe alikuwa kijana wa huko kwetu."

Hapo ndio nilishikwa. Nilikaa wiki tatu nikisoma kuhusu huyu Daudi badala ya kuedit video zangu, na leo nataka niwape hiyo historia. Mkimaliza kusoma, nitawauliza swali moja: tukisema "watu wa maabara", huwa tunamaanisha nani?

Mimi swali hilo linanigusa, sitaficha. Niliacha chuo mwaka wa pili. Kwa hivyo ninajua vile inakuwa watu wakihesabu nani ana cheti na nani hana, halafu wanaanza kuamua nani alikuwepo na nani hakuwepo.

Tuanzie Kampala, mwaka 1957. Katika hospitali ya Mulago kulikuwa na daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt. Alikuwa na jicho moja, lile lingine alilipoteza kwa ajali akiwa mtoto. Siku moja mwenzake, Hugh Trowell, alimwita aangalie mtoto wa miaka 5. Taya za huyo mtoto zilikuwa zimevimba pande zote, juu na chini, na meno yamelegea. Burkitt hakuelewa. Maambukizi ya kawaida hayavimbishi pande zote namna hiyo. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, akaona kwa dirisha msichana mdogo na uso uleule. Akamchunguza, akapata na tumbo pia lina uvimbe.

Mtu mwingine angesema ni bahati mbaya tu, watoto wawili, twende kazi. Burkitt akarudi kwa mafaili ya hospitali, akaanza kuhesabu. Akagundua kwamba hawa watoto walikuwa wengi, ila kila daktari aliandika ugonjwa kulingana na mahali alipouona. Wa taya akaitwa jina lake, wa tumbo jina lake, wa jicho jina lake. Kumbe ni saratani moja. Mwaka 1958 akaandika kuhusu hizo taya katika jarida la upasuaji la Uingereza. Leo tunaiita limfoma ya Burkitt.

Mwaka 1961 akafanya kitu ambacho mimi kama mtu wa kontenti nakiheshimu sana: akaingia barabarani. Yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walinunua gari kuukuu aina ya Ford kwa pauni 250, wakasafiri wiki kumi, karibu kilomita 16,000, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini. Kila hospitali walikuwa wanaonyesha picha za watoto na kuuliza: "Mmewahi kuona hii?" Mahali palipo na joto na mvua, jibu lilikuwa ndiyo. Kwenye milima yenye baridi, hapana. Ramani yao ya saratani ilifanana na ramani ya mbu. Hiyo kumbuka, tutairudia.

Mwaka huohuo, kabla ya hiyo safari, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara London, tarehe 22 Machi. Ndani ya ukumbi alikuwepo mtafiti kijana, Anthony Epstein, ambaye kazi yake ilikuwa virusi vinavyoleta saratani kwa kuku. Ndio, kuku. Wakati huo watu wengi waliona ni jambo la kuku tu, binadamu hawezi kupata saratani kwa virusi. Epstein alisikia kwamba huu ugonjwa unafuata joto na mvua, akawaza: kitu kinachofuata hali ya hewa lazima kinasambazwa na kitu kilicho hai. Wakakubaliana na Burkitt. Vipande vya uvimbe vitakuwa vikitolewa Kampala na kupelekwa London kwa ndege.

Miaka karibu miwili vipande vilienda, na hakuna kilichoonekana.

Halafu Desemba 1963, ndege iliyobeba kipande kutoka kwa taya ya msichana wa miaka 9 ikashindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Mzigo ulifika umechelewa. Maji ndani ya chupa yalikuwa yamechafuka kama maji ya mchele. Kawaida hiyo inamaanisha bakteria wameingia na kazi imeharibika, mwaga, osha chupa. Epstein akaamua aweke tone moja chini ya hadubini kwanza. Akaona si bakteria. Ni seli za uvimbe, hai, zinaelea moja moja. Mtikiso wa safari ulikuwa umezitoa kwa kipande chao. Kutoka hapo wakaweza kuzikuza kwenye chupa, na Februari 1964, kwa hadubini ya elektroni, wakaona kirusi ndani yake.

Ripoti ilitoka Machi 1964 ikiwa na majina matatu: Epstein, Achong na Barr. Bert Achong alikuwa mtu wa Trinidad, fundi mkubwa wa ile hadubini. Yvonne Barr alikuwa mwanamke kijana kutoka Ireland, ndiye aliyesaidia kuzikuza zile seli. Laini ya seli ikapewa herufi EB, za Epstein na Barr, na kirusi kikachukua jina la laini ya seli: Epstein-Barr. Achong akabaki nje ya jina. Barr naye, ambaye jina lake liko kwa vitabu vyote vya udaktari duniani, alihamia Australia, akakosa kazi ya utafiti, akawa mwalimu wa shule.

Na yule msichana wa miaka 9? Yeye ni "msichana wa miaka 9".

Sijamlaumu mtu bado. Naonyesha tu vile majina huanguka njiani, mmoja baada ya mwingine, kama maembe kutoka kwa gunia lenye shimo.

Hadi hapo unaweza kusema hii ni hadithi ya virusi, si ya kinga ya mwili. Kinga inaingia Philadelphia, Marekani, kwa maabara ya mke na mume, Gertrude na Werner Henle. Epstein aliwatumia zile seli. Wao wakatengeneza kipimo: unachukua damu ya mtu, unaangalia kama ina kingamwili dhidi ya hicho kirusi. Kingamwili ni kama kumbukumbu ya vita. Ukiwa nazo, mwili wako umewahi kukutana na adui huyo. Walipopima watu wakashtuka, karibu kila mtu mzima alikuwa nazo, hata huko Marekani. Kwa hivyo kirusi cha "ugonjwa wa watoto wa Afrika" kilikuwa cha dunia nzima. Basi huko kwao kinaleta nini?

Jibu lilitoka kwa fundi wa maabara, msichana aliyefanya kazi hapo. Damu yake ilikuwa mojawapo ya chache zisizo na kingamwili, kwa hivyo waliitumia kulinganisha. Mwaka 1967 akaugua homa ya tezi, ile wanayoiita ugonjwa wa mabusu. Aliporudi kazini, damu yake ilikuwa imebadilika, sasa ina kingamwili. Wakajua: hicho kirusi ndicho kinacholeta homa ya tezi. Walitangaza mwaka 1968. Ugunduzi mkubwa kabisa, na ulitoka kwa mkono wa mtu aliyekuwa anatoa damu yake mwenyewe ili wengine wapate cha kupima.

Kwa hivyo kuna kirusi kimoja. Marekani kinaleta homa ya wiki chache kwa vijana. Uganda na Kenya kinaonekana ndani ya saratani ya watoto. Tofauti iko wapi? Haiko kwa kirusi. Iko kwa mwili unaokipokea, yaani kwa kinga. Hilo swali ndilo lililomleta Daudi.

Sasa tuko Nairobi. Hospitali ya King George VI imebadilishwa jina baada ya uhuru na kuwa Kenyatta. Hapo kuna daktari wa upasuaji wa masikio, pua na koo, Peter Clifford. Anawatibu watoto wenye uvimbe wa taya kwa dawa za kemo, na anaona kitu cha ajabu, ambacho Burkitt pia amekiona Kampala: watoto wengine wanapewa dozi ndogo sana, dozi ambayo kwa hesabu haiwezi kumaliza saratani, na saratani inaisha. Mtoto anarudi nyumbani na hairudi tena. Ni nani aliyemalizia kazi? Wakaanza kushuku kwamba dawa inaanza na kinga ya mtoto inamaliza.

Huko Stockholm, Sweden, kulikuwa na mke na mume wengine, George na Eva Klein. Hawa historia yao peke yake ni filamu. Walikuwa Wayahudi wa Hungaria waliookoka mauaji ya Wanazi mwaka 1944 wakiwa vijana. George alitoroka akiwa karibu kupakiwa kwa treni, Eva alijificha kwa karatasi za uongo. Wakahamia Sweden mwaka 1947 na baadaye wakajenga, katika taasisi ya Karolinska, moja ya maabara za kwanza kubwa duniani za kuchunguza jinsi kinga inavyoitambua saratani. Walipotaka saratani ya binadamu ambayo kinga inaonekana kuipiga kweli, wakashirikiana na Clifford. Vipande vya uvimbe na damu ya wagonjwa vikaanza kuruka kutoka Nairobi hadi Stockholm. Mwaka 1966 walichapisha pamoja utafiti kuhusu kingamwili za wagonjwa wa Clifford zinazoshika seli za uvimbe.

Mwaka 1967, katika mzigo mmoja, kulikuwa na kipande kilichotolewa kwa uvimbe wa jicho la kushoto la kijana Mwafrika wa miaka 16. Jina lake lilikuwa Daudi. Seli zake zilikubali kuishi kwenye chupa. Wakaziita kwa jina lake, maana ndivyo walivyokuwa wakifanya.

Hizo seli ziko hai mpaka leo. Zimekuwa zikigawanyika tangu 1967. Daudi ameingia kazini kabla ya maprofesa wengi wa leo kuzaliwa, na hajawahi kupewa hata siku moja ya likizo.

Amefanya kazi gani? Hebu nieleze kwa lugha ya barabarani.

Kila seli ya mwili wako ina kipande. Si kipande cha nyama, kipande kile cha mfukoni, kitambulisho. Inakishika nje, na juu yake kuna sampuli ya kile kinachopikwa ndani. Polisi wa kinga wanaoitwa seli T hupita wakikagua. Wakiona kwa kitambulisho kitu kigeni, kirusi au saratani, wanamaliza hiyo seli papo hapo. Sasa Daudi ana kasoro: kuna protini ndogo inayoshikilia kitambulisho kisimame, inaitwa beta-2 mikroglobulini, na yeye hana. Kwa hivyo kipande chake hakifiki nje. Seli T zinapita tu, hazina cha kukagua.

Mwaka 1975 katika hiyohiyo Karolinska, Rolf Kiessling, Eva Klein na Hans Wigzell walieleza aina nyingine ya polisi, seli za NK, yaani wauaji wa asili. Miaka ya 1980 mtafiti mwingine aliyekulia kwa maabara ya akina Klein, Klas Kärre, akaleta wazo kwamba polisi hawa wanamtafuta yule asiye na kipande. Si unajua vile msako wa usiku huwa. Huna kitambulisho? Ingia kwa gari. Kwa sababu hiyo Daudi akawa mtu wa kutafutwa na watafiti wengi. Walimrudishia jeni aliyokosa, kitambulisho kikatokea nje, wakalinganisha.

Na ajabu ni kwamba Daudi ni mgumu. Polisi NK wa kawaida wanamshindwa licha ya kukosa kipande. Lakini ukichukua seli za damu na kuziamsha kwa interleukin-2, zinarudi zikiwa na hasira na zinammaliza. Kwa hivyo watafiti walipoanza kuamsha kinga ya wagonjwa ili ipigane na saratani, Daudi akawa mtihani. Unataka kujua kama seli zako zimeamka? Ziweke na Daudi kwa sahani moja usiku, uangalie asubuhi kama amekufa.

Hakuwa peke yake. Kulikuwa na Raji, mvulana wa Nigeria wa miaka 11, seli zake zilikuzwa mwaka 1963. Kulikuwa na Namalwa, msichana wa miaka 3, mgonjwa mwingine wa mzunguko huohuo wa Clifford na Stockholm. Hilo jina ukiliita Bungoma sokoni, mtu atageuka. Seli za Namalwa zilikuzwa Uingereza na kampuni ya Wellcome kwenye matangi ya maelfu ya lita ili zitoe interferoni, mojawapo ya dawa za kwanza kabisa za kinga dhidi ya saratani. Mtoto wa miaka 3, kiwanda kizima.

Siku hizi kuna rituximab, dawa ya kingamwili iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997, inayoshika alama iitwayo CD20 juu ya seli za limfoma. Daudi na Raji wote wana hiyo alama, na maabara nyingi huwatumia kupima dawa za aina hiyo. Kuna daratumumab ya saratani ya uboho, iliyoidhinishwa 2015. Watafiti walioitengeneza waliijaribu kwa Daudi pia. Hata tiba mpya za kuchukua seli T za mgonjwa na kuzifundisha upya, kabla hazijaingia kwa mtu, mara nyingi hupigana kwanza na Raji au Daudi.

Tuulizane basi. Nani anafanya kazi kwa maabara ya kinga na saratani? Profesa, sawa. Mwanafunzi wa uzamifu, sawa. Fundi. Rubani aliyeshindwa na ukungu. Na Daudi?

Wengi wenu mnajua habari ya Henrietta Lacks, yule mama Mmarekani mweusi ambaye seli zake zilichukuliwa Baltimore mwaka 1951 bila kuulizwa. Familia yake ilipigana miaka mingi, na mwaka 2023 ikafikia makubaliano na kampuni moja kubwa iliyokuwa ikifaidika. Kuna kitabu, kuna filamu, kuna sanamu. Daudi ana nini? Ana namba kwa katalogi. Kichupa chake kinauzwa kwa mamia ya dola, na kwenye maelezo wameandika umri, jinsia, rangi na ugonjwa.

Najua kuna mtu ataandika hapo chini: "Wazungu walituibia tena." Pole, sitakufuata mpaka huko. Clifford alikuwa anatibu hao watoto. Sheria za kuomba ruhusa zilikuwa changa kila mahali. Azimio la Helsinki, ambalo madaktari wa dunia walikubaliana kuhusu utafiti kwa binadamu, lilipitishwa 1964, miaka mitatu tu kabla ya kipande cha Daudi kutolewa. Na akina Klein, watu waliokoka serikali iliyowaandika Wayahudi kwa namba, angalau waliacha jina la mtoto juu ya chupa. Wangeweza kuandika namba tu. Mimi ninajua kuna Daudi kwa sababu mtu huko Stockholm aliandika "Daudi".

Lakini pia sikubali ile ya upande mwingine, kwamba ni sayansi tu, tusonge mbele. Deni si lazima liwe wizi ndio liwe deni. Ukila kwa jirani miaka karibu sitini, hata kama alikukaribisha, siku mtoto wake akilala njaa kuna kitu unatakiwa kufanya.

Na mtoto wa jirani bado anaugua. Limfoma ya Burkitt haikuisha. Iko palepale Burkitt alipoichora, kwenye joto na mbu, na kwetu hiyo ni hasa upande wa ziwa na pwani.

Hapa ndio kuna sehemu ya hii historia ambayo inanipa moyo, kwa sababu maabara ilirudi nyumbani. Kisumu, watafiti wa KEMRI na wenzao wa Marekani walirudi kwa lile swali la mbu. Ann Moormann, Rosemary Rochford, na Wakenya kama Odada Sumba, John Michael Ong'echa na Juliana Otieno, daktari wa watoto. Walilinganisha watoto wa Kisumu, ambako malaria iko mwaka mzima, na watoto wa Nandi, juu milimani, ambako ni ya kupita. Mwaka 2005 walionyesha kwamba watoto wa Kisumu wana kirusi cha Epstein-Barr kingi zaidi kwa damu. Mwaka 2007 wakaonyesha kwamba seli T za watoto wa Kisumu wa miaka 5 hadi 9, umri uleule ambao Burkitt hupiga sana, zinakijibu hicho kirusi kwa unyonge kuliko za wenzao wa Nandi.

Kumbuka ile ramani ya 1961. Jibu lake sasa linaanza kuonekana: malaria inayorudi kila mara inawachosha polisi. Kirusi ambacho kinga ya kijana wa Philadelphia inakifungia ndani maisha yake yote, hapa kinapata mlango uko wazi. Chandarua, kwa maneno mengine, huenda pia ni kifaa cha kinga dhidi ya saratani. Hakuna mtu aliniambia hivyo nikiwa mtoto.

Na nikiwa mtoto nilikuwa Ahero, kwa dani yangu, miaka miwili. Darasa la pili kulikuwa na mvulana tuliyekaa naye dawati moja. Taya lake lilianza kuvimba katikati ya muhula. Tulimtania kwamba ana mandazi mdomoni. Watu wazima walisema ni jino, wengine wakasema mambo mengine ya usiku. Jino likang'olewa, na lingine, uvimbe ukaendelea. Tulifunga shule akiwa bado anacheka nasi, anashikilia shavu. Tulipofungua, dawati lilikuwa langu peke yangu. Siwezi kuwaambia ulikuwa ugonjwa gani, sikuuliza na hakuna aliyenieleza. Lakini niliposoma kuhusu yule mtoto wa Mulago wa 1957, meno yamelegea, taya limevimba, niliweka simu chini nikatoka nje kidogo.

Kwa hivyo, kabla ya mambo ya maprofesa, chukua hili. Mtoto akivimba taya na meno yanalegea bila sababu, au jicho linasukumwa nje, au tumbo linavimba haraka, usikubali hadithi ya jino wiki baada ya wiki. Mpeleke hospitali kubwa. Huu uvimbe ni kati ya zile zinazokua haraka kuliko zote, unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Lakini pia ni kati ya saratani zinazotibika, na hilo limejulikana tangu zamani hapa hapa kwetu. Mulago walifungua kituo cha kutibu hiyo limfoma mwaka 1967, mwaka uleule wa Daudi, na daktari Mganda Charles Olweny akakiongoza katika miaka migumu ya Idi Amin, watoto wakiendelea kutibiwa. Kinachoua sana ni kuchelewa, na kukosa pesa za kumaliza dawa.

Hilo la pesa ndilo deni ninalozungumzia. Sidai sanamu ya Daudi mbele ya Kenyatta, ingawa ikijengwa nitaenda kupiga picha. Nadai kwamba mtoto wa Ahero akifika hospitali leo, dawa zilizopimwa kwa seli za kijana aliyetibiwa Nairobi ziwe kwa rafu na si kwa magazeti tu. Nadai serikali yetu ilipie maabara za Kisumu ili zisisubiri pesa za ng'ambo kila mara. Na nadai kwamba siku mwanafunzi wetu anapofungua friji na kutoa kichupa kilichoandikwa hilo jina, mtu amwambie huyo alikuwa nani: kijana wa miaka 16, aliumwa jicho la kushoto, alikuja Nairobi kutafuta dawa.

Nilimtumia cuzo haya yote kwa sauti ya dakika kumi na moja, akanilaumu kwa urefu. Kesho yake akanijibu. Alisema ameenda kwa bosi wake na kumwuliza kama anajua Daudi ni nani. Bosi, profesa mzima mwenye miaka mingi kwa hii kazi, akasema ni limfoma ya Burkitt, hana beta-2 mikroglobulini, ana CD20. Vyote kweli. Cuzo akamwambia, "Hapana, nauliza mtu." Wakakaa chini dakika chache akamsimulia, na mafundi wawili wakasogea kusikiliza.

"Na seli zako?" nikamuuliza.

"Zimeanza kukua," akasema. "Ilikuwa ni chakula kimeharibika tu. Leo asubuhi nilipofungua, nikamsalimia."